Nyabingi na Kalamu Zilizomtia Uovu

Makala haya yametokana na insha mbili za wanafunzi. Katika somo la fasihi simulizi hapa Machakos tuliwataka wanafunzi wachague mhusika mmoja wa kike, awe mungu, mzimu, zimwi au nabii, ambaye habari zake hubadilika kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, kisha waeleze sababu za mabadiliko hayo. Tulitarajia kupata akina Syokimau wengi, na kweli tuliwapata. Lakini mwanafunzi mmoja aliandika juu ya malkia wa buibui katika mchezo wa Kimarekani unaochezwa kwa dadu na masimulizi, na mwingine akaandika juu ya Nyabingi, ambaye jina lake alilisikia kwanza katika muziki wa rege ndani ya matatu ya kwenda Nairobi. Insha hii ya pili ilianza kwa kusema kwamba Nyabingi ni mungu wa kike mwovu wa Uganda, ambaye jina lake maana yake ni kifo kwa Wazungu. Sentensi hiyo fupi ina makosa manne, na hakuna hata moja kati yake lililobuniwa na mwanafunzi. Yote yana mizizi katika maandishi ya watu wazima wenye vyeo. Nia yetu hapa ni kuyafuata makosa hayo hadi yalikozaliwa, kwa kuwa tunashuku kwamba sisi walimu wa lugha tunaendelea kuyalea.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo jambo jepesi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ya Kikiga wala ya Kinyarwanda ili aone kwamba ndani yake mna mzizi -ingi, uleule wa nyingi, mengi na wingi. Kiambishi nya- huonekana katika majina mengi ya watu na ya mahali katika nchi zile. Nyabingi ni mwenye vingi: watoto, mavuno, ng'ombe, na pia madai. Hakuna mofimu ya kifo humo, wala ya Mzungu. Jina lilikuwapo kabla Mzungu wa kwanza hajakanyaga milima ya Ndorwa. Kuhusu neno Uganda nalo, inatosha kusema kwamba Nyabingi alijulikana Ndorwa na Mpororo, nchi ambazo zilikatwa vipande kwa mpaka uliokubaliwa na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji huko Brussels mwaka 1910. Kumwita wa Uganda ni sawa na kuwaita Wamasai watu wa Kenya na kunyamaza hapo.

Utajiri wa suala hili umo katika asili yake. Masimulizi ya nchi zile hayakubaliani hata kidogo juu ya Nyabingi alikuwa nani alipokuwa hai. Wako wanaomfungamanisha na Kitami, malkia aliyekuwa na ngoma takatifu iitwayo Murorwa. Wako wanaosimulia kwamba alikuwa mwanamke mwenye utawala wake, akauawa na Ruhinda, mtawala wa Mpororo, na roho yake ikarudi kumsumbua muuaji. Wapo pia wanaosema alikuwa mtumishi tu katika nyumba ya wakubwa. Wachunguzi walioandika juu ya habari hizi wamekuwa na desturi ya kuzipanga, kuzilinganisha tarehe na orodha za wafalme, kisha kuchagua moja na kuiita ya asili, huku nyingine zikiitwa potofu. Desturi hii tumeirithi. Mtihani wa fasihi simulizi bado humtaka mwanafunzi ataje tukio la kwanza, la pili na la tatu la ngano fulani, kana kwamba ngano ina hati miliki.

Kwa maoni yetu tofauti hizo ni sehemu ya matini yenyewe. Simulizi la malkia na ngoma lina faida kwa watu wanaodai kwamba walikuwa na kiti cha enzi wakanyang'anywa. Simulizi la mwanamke aliyeuawa linaeleza kwa nini hata mtawala lazima atoe zawadi: ana deni la damu. Simulizi la mtumishi ni la wale ambao hawakuwahi kuwa na ngoma yoyote. Yote matatu yanakubaliana katika jambo moja kubwa, yaani kwamba huyu ni mtu aliyedhulumiwa au aliyepoteza, na ambaye baada ya kufa amekuwa juu ya waliokuwa juu yake. Tena hakuwa mzimu wa mbari moja. Mizimu ya ukoo hurithiwa na kushughulikia watu wake. Nyabingi alivuka mipaka ya koo, na aliweza kumpanda mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, na kumfanya omugirwa, yaani msemaji wake. Mkulima aliyekuwa hana cheo jana angeweza leo kudai ng'ombe kwa jirani mwenye cheo. Hapo ndipo hofu ya watawala ilipoanzia, hata kabla ya ukoloni.

Lakini tusije tukampaka asali. Bi May Edel, aliyeishi miongoni mwa Wakiga mapema katika miaka ya 1930 na kitabu chake kutoka mwaka 1957, anaonyesha wazi kwamba watu walitoa mbuzi, pombe na ng'ombe kwa kuogopa, na kwamba mabinti nao walitolewa wawatumikie wasemaji wake. Wahakiki wa siasa za uzalendo, ambao katika miaka ya baada ya uhuru walimgeuza Nyabingi kuwa shujaa safi wa ukombozi, waliyapita mambo hayo kimya kimya. Baba wa binti aliyetolewa angekuwa na la kusema kuhusu ukombozi huo.

Je, basi, mwanafunzi alikuwa na haki kumwita mwovu? Hapa Kiswahili kinatupa tofauti ambayo tunaona ina thamani kubwa. Mkali si mwovu. Mkali hudai anachoamini ni haki yake, na akilipwa hutulia. Mtu anaweza kufanya naye shauri, kuomba muda, kupunguziwa. Mwovu hutaka madhara kwa ajili ya madhara, na hakuna malipo yanayomtosha. Mdai ni mkali. Katika masimulizi ya Ndorwa tunayoyajua, Nyabingi ni mdai kila mahali. Ugonjwa, utasa na kifo cha mifugo ni barua zake za madai. Ukali huo unaweza kuwa mzigo usiobebeka, na wasemaji wake waliweza kuutumia vibaya kwa matumbo yao, lakini haujawa uovu.

Uovu ulikuja kwa kalamu. Mwaka 1911 Waingereza walimkamata Muhumusa, mwanamke aliyetambulika kuwa mjane wa Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895, na ambaye alikuwa akisema kwa sauti ya Nyabingi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kumweka kizuizini Bukoba. Waingereza walimpeleka Kampala, naye akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1945. Yaani kwa sababu ya maneno aliwekwa mbali na kwao kwa miaka 34. Mwaka 1912 ikatoka Sheria ya Uchawi ya Uganda, na wasemaji wa Nyabingi wakaanza kushtakiwa kwayo. Tazama kazi ambayo sheria ile iliifanya kama matini. Ilichukua omugirwa, mganga, mpiga ramli na mrogi, watu ambao lugha za wenyewe huwatenga kwa majina mbalimbali, ikawatia katika kapu moja. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 1925 ilifuata njia ileile, na watu wa Ukambani, ambao walikuwa na maneno yao ya kumtenga mganga na mrogi, walijikuta mbele ya hakimu asiyeuona mpaka huo.

Baada ya Muhumusa vurugu hazikwisha. Serikali ilitawala Kigezi kwa kutumia mawakala wa Kiganda, na mwaka 1917 watu wa Nyakishenyi waliwashambulia. Katika ripoti za mabwana shauri Nyabingi akazidi kunenepa. Mmoja wao, J. E. T. Philipps, alichapisha mwaka 1928 makala marefu katika jarida la Brussels liitwalo Congo, na katika anwani yake akamwita Nyabingi chama cha siri cha kuwapinga Wazungu. Mara ya kwanza tulipoyasoma makala hayo, katika maktaba ya ng'ambo tulikokuwa masomoni, tulishangazwa na jinsi mwandishi alivyojua mambo mengi. Hakuwa mjinga. Alisikia, aliuliza, aliandika majina. Lakini aliandika ripoti, na ripoti ina kanuni zake za fani kama ngano ilivyo na zake: sharti kuwe na adui mmoja, mwenye nia moja, na mwandishi awe ndiye aliyemgundua. Mdai asiye na makao, aliyempanda huyu leo na yule kesho, akawa shirika lenye viongozi na shabaha. Malalamiko dhidi ya mawakala, kodi na kazi za shuruti yakatafsiriwa kuwa chuki ya rangi. Msimulizi wa Ndorwa alipobadilisha kisa, wasikilizaji walikuwapo wakaweza kumkatiza na kumwambia kwamba bibi yao alisimulia vingine. Msomaji wa jarida la Brussels hakuwa na bibi wa kumrejelea.

Kilichofuata kingemshangaza Philipps mwenyewe. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, kulizuka katika magazeti hadithi iliyotiwa sahihi ya Frederico Philos, kwamba watu weusi wa dunia nzima walikuwa na chama cha siri kiitwacho Nyabinghi, kwamba Haile Selassie ndiye mkuu wake, na kwamba jina hilo maana yake ni kifo kwa Wazungu. Ilikuwa propaganda ya kuwatia hofu wasomaji wa Ulaya ili waione Italia kuwa inawalinda. Gazeti la Jamaica Times liliichapa Desemba mwaka huohuo. Huko Jamaika maskini waliokuwa wameanza kumtukuza Haile Selassie waliisoma, au walisomewa, na hawakuogopa hata kidogo. Waliipokea kama habari njema. Jina likawa la ibada yao, na la mkusanyiko wa usiku kucha wenye ngoma tatu, ile kubwa ya besi, ile iitwayo funde, na ile ndogo ya kujibizana. Maana nayo waliigeuza: ikawa kifo kwa wadhalimu, weusi kwa weupe. Nyongeza hiyo ya weusi ni uhakiki mzuri sana wa matini ya Philos. Sentensi ya chuki ya rangi ilirekebishwa ikawa sentensi ya haki, na waliofanya hivyo hawakuwa wamesoma shahada yoyote.

Mwaka uleule wa 1935, katika Kabale, mji mkuu wa Kigezi, ulifanyika mkutano mkubwa wa uamsho wa Balokole, ambao waliookoka walikemea mizimu yote ya wazee wao kuwa kazi ya Shetani. Kwa hiyo katika mwaka mmoja alikuwa akifukuzwa kwao kama pepo mchafu, na kupokewa kama mkombozi upande wa pili wa bahari. Hatukumbuki mhusika mwingine wa simulizi za Afrika Mashariki aliyepata hatima mbili kama hizi kwa wakati mmoja. Nyabinghi ya Jamaika imekwisha kurudi kwetu, na mwezi Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba Urastafari ni dini. Mwanafunzi wetu alipomsikia katika matatu alikuwa akimsikia msafiri aliyezunguka kutoka Kigezi kwa njia ya Brussels na Kingston.

Insha ya malkia wa buibui ilitusaidia kuliona jambo hili vyema zaidi, ingawa tulikuwa karibu kuikataa kwa kuwa si fasihi simulizi. Mchezo huo, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, mmoja akasimulia, wengine wakasema wahusika wao wanatenda nini, na dadu zikaamua. Malkia huyo, Lolth, aliingia katika vitabu vyake mwaka 1978 akiwa malkia wa mashetani tu. Baadaye akapandishwa cheo kuwa mungu. Katika vitabu vya mwaka 1998 akapewa usuli mpya: kumbe alikuwa mke wa mungu mkuu wa jamii fulani, akamsaliti, akatupwa chini na kugeuzwa buibui. Watu wake ni weusi wa ngozi, wanaishi chini ya ardhi, wanatawaliwa na makuhani wanawake, na walielezwa kuwa waovu tangu kuzaliwa. Mwaka 2020 kampuni inayomiliki mchezo, Wizards of the Coast, ilitangaza kwamba ingebadilisha picha hiyo, na mwaka 2021 ikatokeza jamaa zao wengine ambao hawakuwahi kumwabudu Lolth. Watu weusi wanaotawaliwa na mwanamke msemaji wa mungu: hiyo ni picha ambayo bwana shauri wa Kigezi angeitambua mara moja. Hatusemi waandishi wa mchezo walimsoma Philipps. Tunasema kwamba kapu lilikuwa tayari limefumwa.

Jambo lililotuvutia zaidi katika insha hiyo lilikuwa katika aya ya mwisho, ambapo mwanafunzi aliandika, kama kwa kuomba radhi, kwamba wao wanapocheza bwenini hawafuati kitabu. Wamemfanya Lolth kuwa mke ambaye mahari yake haikumalizwa, na ambaye hatakoma kuwasumbua wakwe mpaka ilipwe. Wamemtoa katika uovu wakamrudisha katika ukali. Kampuni ilihitaji miaka mingi na tangazo rasmi ili kumbadilisha mhusika wake. Meza ya bwenini ilihitaji usiku mmoja, kwa kuwa mezani wasikilizaji wana haki ya kukatiza.

Sasa tugeukie kosa la mwisho, ambalo ni letu sisi wenyewe wa Kiswahili. Mwanafunzi aliandika mungu wa kike. Istilahi hii ni tafsiri ya neno la Kizungu, na inaleta mambo ambayo masimulizi hayana. Wakiga wana jina la Muumba, Ruhanga, na Nyabingi hakuwa yeye wala mshindani wake. Tukimkataa mungu, je, tuseme mzimu? Hapa Machakos swali hili halihitaji kupelekwa mbali. Katika Kikamba roho za wahenga huitwa aimu, na zimwi la ngano, lile linalokula watu katika hadithi alizozichapisha John Mbiti mwaka 1966 na kabla yake Mswidi Lindblom, huitwa eimu. Mzizi ni mmoja. Kiswahili nacho kina mzimu wa tambiko, zimwi la hadithi, kuzimu waliko wafu, na wazimu wa kichwani, vyote vya ukoo mmoja. Yaani lugha zetu zenyewe ziliwahi kumhamisha mhenga kutoka ngeli moja hadi nyingine akawa dubwana. Hatuwezi kumlaumu bwana shauri kwa kila kitu. Lakini zimwi la ngano halikumfuta mhenga wa tambiko. Waliishi pamoja, na msemaji alijua ni wakati gani anamtaja yupi. Neno mzimu, hata hivyo, linamfunga mno Nyabingi na ukoo, na katika filamu na magazeti ya siku hizi limebaki kuwa kitu cha kutishia watoto.

Pendekezo letu ni pepo. Tunajua litapingwa, hasa na wasomaji wa Biblia ambao pepo kwao ni wa kutolewa tu. Lakini katika uganga wa pwani pepo humpanda mtu, husema kwa kinywa chake, hudai zawadi kwa majina, na akitimiziwa hutulia. Mtu anayepandwa huitwa kiti, na hakuna neno la Kiswahili linalomkaribia omugirwa kuliko hilo. Tena neno lenyewe halina hukumu: ndiyo maana tafsiri za Biblia zililazimika kuongeza mchafu ili lieleweke vibaya, na ndiyo maana waumini hao hao wanatumaini kufika peponi. Faida nyingine ni kwamba Kiswahili hakitulazimishi kutaja jinsia. Wachunguzi wanaeleza kwamba hata wasemaji wanaume wa Nyabingi waliweza kuvaa nguo za kike walipopandwa. Sentensi ya Kiswahili isemayo kwamba alisema na watu wakatii inamwacha msomaji mahali palepale alipokuwa msikilizaji, asijue kwa hakika ni nani aliyesema.

Tuliyaeleza haya yote darasani, labda kwa ukali kuliko ilivyostahili, na tukamrudishia mwanafunzi insha yake. Baada ya wiki mbili aliileta. Amefuta mungu wa kike mwovu, ameandika pepo mkali. Ameifuta Uganda, ameandika Ndorwa. Lakini ile maana ya kifo kwa wadhalimu ameiacha palepale, na chini yake ameandika kwamba ikiwa mwalimu anayakubali masimulizi matatu ya Ndorwa yanayopingana, hana haki ya kuikataa maana ya nne kwa sababu tu imetoka Kingston. Tuliandika pambizoni kwamba maana ya jina ni jambo moja na maana ya wanaolitaja ni jambo lingine, na kwamba mofimu ya kifo bado hatujaonyeshwa. Kisha tukamwongezea alama.